Breki za Mafuta za Lori Kuukuu: Yanayowezekana Uani na Yasiyowezekana

Katika toleo hili tumeonelea vema kuweka kando kidogo habari za visima na madarasa, tujibu swali linaloulizwa karibu katika kila kikao cha kamati ya usharika wenye gari: kwa nini lori hurudi gereji kwa ajili ya breki mara kwa mara, na je, kazi hiyo haiwezi kufanyika nyumbani?

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika uani, kwa vifaa vya kawaida na fundi mwenye subira. Jambo lisilowezekana ni kuifanya nusu. Lori lenye breki nusu ni hatari kuliko lori lisilo na breki kabisa, maana hilo la pili hakuna dereva atakayeliondoa uani, na lile la kwanza huondoka na mifuko ya saruji asubuhi, na jioni, ingawa si basi, hurudi na wanakwaya au waombolezaji waliokosa usafiri mwingine. Kwa sababu hiyo tunaandika kwa wajumbe wa kamati na wafadhili, si kwa mafundi peke yao. Wanaoamua kama raba itanunuliwa mpya au ya zamani itageuzwa ni ninyi.

Tunazungumzia malori ya tani tatu au nne, kama zile Canter kuukuu zilizojaa barabarani kwetu, ambayo hutumia breki za mafuta. Malori makubwa hutumia breki za upepo, na hayo hayamo katika makala haya. Tunaongeza neno moja tu juu yake: chemba za breki ya maegesho za malori hayo zina springi nene iliyobanwa kwa nguvu kubwa sana, na mtu anayeifungua bila kifaa cha kuizuia anaweza kuuawa palepale. Kazi hiyo si ya uani kamwe.

Kanuni inayoendesha breki za mafuta ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huenea sawasawa pande zote. Dereva anapokanyaga pedali, pistoni ndani ya masta silinda husukuma mafuta katika paipu. Mafuta husukuma pistoni ndogo katika silinda za magurudumu, nazo hutanua vile viatu vya breki ambavyo mafundi huviita shuu, mpaka lainingi zake ziegemee dramu inayozunguka. Mwaka 1921 gari la Marekani liitwalo Duesenberg lilitoka na breki za namna hii katika magurudumu yote manne. Lori letu kuukuu halitofautiani nalo sana kimsingi.

Siri iko hapa: kimiminika hakibanwi, lakini hewa hubanwa. Kila shuu husogea kidogo mno, pengine chini ya unene wa sarafu, kwa hiyo safari nzima ya pedali imepimwa kwa ajili ya mwendo huo mdogo. Kiputo cha hewa kikiingia katika paipu, mguu wa dereva hubana kiputo badala ya kusukuma shuu. Ndiyo maana upepo, ambao ni rafiki wa dereva wa lori kubwa, ni adui wa dereva wa Canter.

Jambo la pili ni joto. Wasomaji wanaoijua barabara ya kushuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo wanajua kwamba mtu huacha baridi juu na kukuta joto la nyika chini, yaani kushuka kwa karibu mita 1,000. Lori la tani 5 pamoja na mzigo wake linaposhuka kiasi hicho, nguvu inayopaswa kuzuiwa isigeuke kuwa mwendo ni kubwa kiasi kwamba, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingechemsha zaidi ya madebe saba ya maji ya lita 20. Gia nzito na upepo wa njiani huchukua sehemu yake. Kinachobaki huenda kwenye dramu, na kutoka kwenye dramu huingia kwenye silinda na mafuta. Dereva anayeshuka kwa gia kubwa huku ameegemeza mguu kwenye breki anachemsha mafuta yake mwenyewe.

Hapa tunapenda kulalamikia jina. Tunasema "mafuta ya breki", na kwa jina hilo watu wengi hudhani ni mafuta kama mengine. Siyo. Aina zinazotumika katika malori haya, DOT 3 na DOT 4, hazitokani na petroli, na zina tabia mbili zinazopaswa kujulikana. Kwanza, hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kidogo kiwango hicho hushuka hadi kama 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa, ndipo pedali inapozama hadi sakafuni katikati ya mteremko wakati hakuna kitu kilichokatika. Lori likisimama nusu saa likapoa, breki hurudi, na dereva huonekana mwongo mbele ya kamati. Mafuta ya breki hubadilishwa yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama chupa yake imejaa. Kopo lililoachwa wazi ghalani tangu mwaka jana halifai.

Pili, raba za breki zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta hayo peke yake. Oili ya injini, dizeli, petroli au mafuta ya taa yakiingia, hata kidogo, raba huvimba na kulainika, zikakwama au zikapitisha. Kijana anayeosha silinda kwa petroli ili ing'ae ameiharibu. Anayejazia oili ya injini njiani ameharibu masta silinda, silinda zote na mipira yote ya breki kwa mara moja. Kuna na wale wanaojazia maji ya sabuni. Yanafika nyumbani kweli, lakini maji huchemka kwa nyuzi 100, na katika milima yetu chini ya hapo, na yakibaki ndani huleta kutu. Kuna pia aina ya DOT 5, iliyotengenezwa kwa silikoni. Hiyo haichanganywi na hizo nyingine, hata kama mwenye duka atasema zote ni za breki.

Kabla ya kufungua nati yoyote, mguu upewe nafasi ya kusema. Pedali inayodunda kama mpira ina hewa. Pedali iliyo chini lakini ikapanda ukiipiga mara mbili tatu, mara nyingi inadai shuu zisogezwe karibu na dramu. Pedali inayosimama vizuri, kisha ikazama polepole chini ya mguu uliotulia huku hakuna mahali panapovuja, inaonyesha raba za masta silinda zimechoka. Lori linalovuta upande mmoja lina gurudumu lililolowa au silinda iliyoganda. Pedali ngumu kama jiwe na lori halisimami, tazama busta. Busta hupimwa hivi: injini ikiwa imezimwa, piga pedali mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inavuta. Isipozama, anza na mpira wa hewa unaoiunganisha na pampu yake, maana mara nyingi ni huo uliopasuka. Na kama mafuta hupungua bila kuonekana yanakokwenda, chunguza nyuma ya masta silinda, pale inapokutana na busta.

Sasa twende uani. Pawe pakavu, tambarare na pagumu. Hapa kuna jambo ambalo tumeona wengi hawalijui, na ndilo linaloua watu kabla kazi haijaanza. Katika malori mengi ya namna hii breki ya mkono haikamati magurudumu. Hukamata shafti inayotoka kwenye gia boksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani linakuwa huru kuzunguka, na kwa sababu ya difu lile lililobaki chini linakuwa huru pia. Lori lenye breki ya mkono iliyovutwa barabara linaweza kuondoka taratibu na kumlalia aliye chini yake. Kwa hiyo magurudumu yaliyo chini yawekewe vizuizi vya mbao mbele na nyuma, hata uwanja uonekane sawa namna gani. Likishainuliwa lilazwe juu ya stendi za chuma au magogo mazito yaliyokatwa sawasawa. Tofali za saruji hazifai, maana hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia.

Fundi akumbuke pia kwamba katika malori mengi ya zamani nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha zile za kulia. Vijana wenye nguvu wamekata boliti nyingi kwa kutokujua hilo.

Dramu ikigoma kutoka, regeza kwanza marekebisho ya shuu ndipo uigonge, si kinyume chake. Ikishatoka utakuta vumbi jeusi. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifukiwe. Watoto, ambao hupenda kukusanyika mahali lori linapofunguliwa, waondolewe.

Inua kifuniko cha raba cha silinda ya gurudumu. Unyevunyevu mdogo si neno, lakini mafuta yakidondoka silinda hiyo imekwisha kazi yake, na mwenzake wa gurudumu la pili katika ekseli hiyo hutengenezwa pamoja naye. Ukitengeneza mmoja lori litavuta upande. Toa pistoni, raba na springi, uoshe kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki, ukaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha elekeza silinda kwenye mwanga wa jua na upitishe ukucha ndani. Kama ni laini kama kioo, seti mpya ya raba inatosha. Kama ukucha unakwama kwenye vishimo vya kutu, raba mpya itachanika baada ya wiki chache, na hapo fedha ya raba imetupwa. Nunua silinda nzima. Hapa ndipo kamati nyingi hukosana na fundi, kwa sababu silinda ni ghali kuliko raba na kwa macho ya mtunza hazina zote mbili ni "breki". Tunaomba aaminiwe, au mjumbe mmoja aje apitishe ukucha wake mwenyewe.

Wakati wa kurudisha, upande wa raba ulio wazi kama kikombe hutazama mafuta, si pistoni. Hupakwa mafuta ya breki tu, kamwe si grisi ya kawaida. Lainingi iliyolowa mafuta ya breki haikaushwi kwa moto wala haioshwi kwa petroli. Inabadilishwa, na vivyo hivyo iliyolika hadi karibu na vichwa vya riveti.

Kuhusu paipu hatuna maneno mengi ila makatazo. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, msukumo ndani ya paipu unaweza kuzidi upepo wa tairi la gari dogo mara 30 na zaidi. Paipu iliyotoboka haiunganishwi kwa mpira na klipu, haichomewi kwa risasi, na wala haipondwi kwa nyundo ili gurudumu moja liachwe bila breki "mpaka mwisho wa mwezi". Desturi hii ya mwisho imeenea sana. Lori husimama, tena kwa unyofu, likiwa tupu uwanjani. Likibebeshwa mzigo kwenye barabara yenye utelezi hugeuka ubavu. Mipira laini inayofika kwenye magurudumu nayo ina hila yake: ikizeeka huvimba kwa ndani, mafuta yakaenda lakini yasirudi, na breki ikabaki imekamata mpaka dramu inanuka. Kwa nje mpira huo huonekana mzima.

Baada ya kufunga, sogeza shuu kwanza: zungusha marekebisho mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Ndipo upepo utolewe. Kazi hii inataka watu wawili wanaoelewana, mmoja kwenye pedali na mmoja kwenye gurudumu, na mara nyingi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Mpira mwembamba unaoonekana ndani huvikwa kwenye nipeli, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mazungumzo yake ni mafupi.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, fundi."

"Shikilia hapohapo, usiachie." Nipeli inafunguliwa, mafuta na viputo vinatoka, pedali inazama, nipeli inafungwa. "Haya, achia."

Aliye juu akiachia kabla nipeli haijafungwa, hewa inavutwa ndani na kazi inaanza upya. Huendelea hivyo mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na kiputo hata kimoja, huku mtu wa tatu akiangalia kopo la juu lisikauke. Katika masta silinda kuukuu pedali isikanyagwe hadi sakafuni. Sehemu ya mwisho ya silinda haifikiwi siku za kawaida, hivyo hushika kutu, na raba ikipelekwa huko huchanika. Kipande cha mbao chini ya pedali kinazuia hilo. Nipeli iliyoganda ilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, ifunguliwe kwa spana inayoenea vizuri, si kwa koleo.

Mafuta yaliyotoka hayarudishwi ndani, hata yakionekana masafi. Hayawekwi katika chupa ya soda pia. Ni sumu, na mtoto haoni tofauti. Yakimwagika kwenye bodi yaoshwe mara moja kwa maji, la sivyo rangi itabanduka.

Majaribio yana utaratibu wake. Injini ikiwaka, pedali ikanyagwe kwa nguvu dakika nzima, na mtu azunguke na tochi akitazama kila silinda na kila kiungo. Kisha lori liende mwendo wa mtu atembeaye, uani, likiwa tupu. Halafu barabara tambarare, bado tupu. Mzigo huja mwisho, na mlima baada ya mzigo. Baada ya kilomita 50 hivi nati za magurudumu zikazwe tena na silinda zitazamwe upya.

Yapo ambayo tunasisitiza yaende gereji yenye vifaa: kuchonga dramu iliyopata mifereji, kufungua busta, kutengeneza paipu mpya za chuma ambazo ncha zake lazima zipanuliwe kwa kifaa maalumu, na chochote kinachohusu gari lenye breki zinazoendeshwa kwa kompyuta. Fedha ya gereji hapo haikwepeki.

Kwa wafadhili wetu tunasema hili bila haya. Msaada wa gari hupokelewa kwa ngoma na picha, na tunashukuru. Lakini katika maandiko mengi ya miradi hatuoni mstari wa raba, lainingi na makopo ya DOT 4, na fundi huishia kuchangiwa kutoka sadaka ya shukrani. Tunapendekeza breki ziwe na kifungu chake katika bajeti, kisichohamishwa kununulia dizeli. Spea zinunuliwe kwa kubeba ile ya zamani mkononi na kulinganisha, maana raba iliyopungua milimita moja huingia vizuri na huvuja vizuri vilevile.

Tunapendekeza pia daftari moja likae ndani ya gari: tarehe, kilomita, gurudumu gani, kitu gani kilibadilishwa na nani alijaribu. Dereva aandike humo kila anapoongeza mafuta ya breki na kiasi alichoongeza. Akiongeza mara mbili katika mwezi mmoja, funguo zibaki kwa mchungaji mpaka pajulikane panapovuja, hata kama kesho yake kuna harusi.